Ukienda Florida, usiishie kwenye bembea

Miaka hii si ajabu tena kusikia kwamba jirani yako wa Buruburu au Nyali yuko safarini kwenda Marekani. Watoto wetu wamekwenda kusoma huko, wamepata kazi, wameoa na kuolewa, na sasa wanawatumia wazazi tikiti ili wakawaone wajukuu. Wengine huweka akiba miaka mitatu au minne ili familia nzima ipate likizo moja ya kukumbukwa. Na ikitajwa likizo ya Marekani kwa watoto, jina la kwanza kutoka midomoni ni Florida.

Ukimwuliza anayekwenda huko atafanya nini, jawabu ni moja: bustani za burudani za Orlando. Tangu Walt Disney World ilipofunguliwa mwezi Oktoba 1971, na Universal ikafuata mwaka 1990, jimbo hilo limekuwa kama halina kitu kingine. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si wakala wa utalii. Lakini wasafiri hawa hupita kwangu kabla ya kuondoka, wakitaka dawa za miezi miwili, na hupita tena wakirudi. Wapo warudio wamechangamka. Wapo pia warudio miguu imevimba, presha imepanda, sukari imevurugika, na mfuko umetoboka. Ninaloamini ni hili: likizo iliyokusudiwa kuupumzisha mwili isigeuzwe kuwa kazi ya sulubu, na Florida ina mengi mema, tena ya bei nafuu, nje ya malango ya bustani hizo.

Siku moja ndani ya bustani

Tazama siku moja ilivyo. Familia huamka alfajiri ili ifike lango lifunguliwapo. Kiingilio cha mtu mzima kwa siku moja hupita dola 100, kwa hivyo kila mmoja huona ni lazima pesa zake azipate zote. Hutembea kilomita 10 au zaidi juu ya saruji, husimama foleni saa nzima kwa ajili ya kigari kinachokwenda kasi dakika tatu, hula vibanzi na soda, kisha hurudi hotelini usiku. Kesho yake hufanya hivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

Kijana wa miaka 20 ataumwa misuli tu. Lakini nyanya mwenye umri wa miaka 68, anayemeza dawa za presha za kuongeza mkojo, ni habari nyingine. Mwezi Agosti, shule zetu zinapofungwa, joto la Orlando hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi karibu kila siku, na hewa imejaa unyevu. Unyevu huo huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Dawa nazo zinamwondolea maji. Ataona kizunguzungu, kichwa kitamwanga, na kwa kuwa hataki kuwaharibia wajukuu furaha, atanyamaza. Wazee wetu ni mabingwa wa kunyamaza.

Usidhani nasema watoto wasipelekwe. Mtoto aliyeahidiwa apelekwe, na acheke mpaka achoke. Siku moja, au mbili zikizidi, zamtosha. Mzee naye abaki nyumbani asubuhi hiyo, au aende mahali penye kivuli. Siku zilizosalia zigawanywe kwa mambo haya nitakayoyaeleza.

Chemchemi na nguva

Chini ya ardhi ya Florida kuna mwamba wa chokaa uliojaa maji, na maji hayo hububujika juu katika chemchemi zaidi ya 1,000. Nyingi zimo ndani ya mbuga za jimbo, ambako kiingilio ni dola chache kwa gari zima pamoja na watu wake. Maji ni maangavu kama kioo, na joto lake ni lile lile mwaka mzima: takriban nyuzi 22. Chemchemi ya Wekiwa iko karibu kabisa na Orlando. Familia hukaa chini ya miti, watoto huogelea, wazee huchovya miguu, chakula hutoka kwenye kikapu cha nyumbani. Kwa mtu aliyeelemewa na mawazo ya kazi, saa nne za namna hiyo zina faida kuliko siku mbili za kelele.

Wakati wa baridi, yaani kuanzia katikati ya Novemba hadi Machi, chemchemi hizi hupata wageni wa ajabu. Ni nguva. Nguva wa Florida ni wa ukoo mmoja na nguva wetu wa pwani ya Lamu, ambao leo ni nadra mno kuonekana, na wote wawili wana udugu wa mbali na ndovu. Maji ya mto na bahari yakipoa, wanyama hawa wazito, wenye wastani wa kilo 450, hukimbilia kwenye chemchemi kujipasha joto. Katika Blue Spring, yapata kilomita 50 kaskazini mwa Orlando, walihesabiwa zaidi ya 900 kwa siku moja mwezi Januari 2024. Wakiwapo, watu hawaruhusiwi kuingia majini, lakini kuna njia ya mbao kando ya maji ambayo hata mzee mwenye mkongojo aweza kuifuata taratibu huku akiwatazama. Anayetaka kuogelea karibu nao huenda Crystal River, upande wa magharibi, akiwa na mwongozaji, kwa masharti ya kutowasumbua.

Hapa ndipo ninapowashauri wanaoweza kuchagua wakati: acheni Agosti, nendeni Desemba. Likizo yetu ndefu ya shule huangukia majira mazuri kabisa ya Florida. Mvua zimepungua, joto ni la kadiri, mbu ni wachache, na msimu wa vimbunga, ambao huanza Juni 1, huwa umekwisha Novemba 30. Bustani za burudani hufurika watu wakati wa Krismasi, lakini chemchemi na nyika zina nafasi.

Mto wa nyasi

Kusini kabisa, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka katikati ya Miami, kuna Everglades. Rais Harry Truman aliifungua rasmi kuwa mbuga ya taifa Desemba 6, 1947. Ni ekari milioni 1.5 za maji yatambaayo polepole katikati ya nyasi, yakielekea kwenye mikoko na bahari. Mtu wa Lamu au wa Vanga ataitambua mikoko hiyo bila kuelezwa. Huko ndiko mahali pekee ambako mamba wa kawaida na mamba aina ya aligeta huishi pamoja porini.

Kama ilivyo kwetu Tsavo, wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika penye maji yaliyobaki, nao huonekana kwa urahisi. Njia iitwayo Anhinga Trail ina urefu wa kilomita 1.3 tu, imesakafiwa sehemu moja na kuwekwa mbao sehemu nyingine, na hata kiti cha magurudumu hupita. Utaona aligeta wakiota jua, kasa wa maji yasiyo na chumvi, na ndege wanaokausha mabawa. Ni matembezi ambayo ningemwandikia mgonjwa wangu wa presha kwenye karatasi ya dawa: mwendo wa polepole, tambarare, asubuhi na mapema.

Jihadhari na jambo moja la mfukoni. Tangu mwanzo wa mwaka 2026, mgeni asiye mkaazi wa Marekani, mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, hutozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika mbuga 11 za taifa zenye wageni wengi, na Everglades ni mojawapo. Kama hizo ni nyingi kwako, iko nyika jirani ya Big Cypress, kwenye barabara iitwayo Tamiami Trail, ambayo haina kiingilio. Pale Oasis utasimama kwenye njia ya mbao na kuwaona aligeta chini yako bila kulipa senti.

Historia inayotuhusu

Likizo huupumzisha mwili, lakini akili nayo ina njaa yake. Mzazi akiwaambia watoto kwamba Florida ni nchi ya panya mwenye glavu, amewanyima mengi.

Mji wa St. Augustine, chini ya saa mbili kwa gari kutoka Orlando, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1565, katika enzi ya Mfalme Philip wa Pili. Huyo ndiye mfalme aliyekuja kutawala Ureno pia, na ni katika enzi yake hiyo hiyo Ngome ya Yesu pale Mombasa ilipoanza kujengwa, mwaka 1593. Ngome ya St. Augustine ni changa kuliko yetu: ilijengwa kati ya 1672 na 1695, kwa mawe yaliyoumbika kutokana na makombe ya baharini. Waingereza walipoizingira mwaka 1702, kuta hizo laini zilimeza mizinga badala ya kupasuka. Mtoto wa Mombasa aliyecheza kando ya kuta za matumbawe atapanda juu ya ngome hiyo na kujiona yuko kwao.

Kilomita tatu hivi kaskazini ya hapo pana Fort Mose, na hapa naomba usipite kwa haraka. Mwaka 1693 mfalme wa Uhispania alitangaza kwamba mtumwa atakayetoroka kutoka makoloni ya Waingereza, akafika Florida na kukubali dini ya Kikatoliki, atakuwa huru. Watu walivuka vinamasi kwa miguu kuutafuta uhuru huo. Mwaka 1738 gavana aliwapa makao yao wenyewe, na kiongozi wao wa kijeshi alikuwa Francisco Menéndez, mzaliwa wa Afrika Magharibi. Hicho kilikuwa kijiji cha kwanza cha watu weusi huru kilichotambuliwa kisheria katika nchi ambayo leo ni Marekani. Mwaka 2025 ngome yao ilijengwa upya mfano wa ile ya kale, ili wageni waione.

Na kwa aliye Orlando, si lazima aende mbali. Yapata kilomita 10 kaskazini mwa jiji kuna Eatonville, mji mdogo ulioandikishwa Agosti 15, 1887, miongoni mwa miji ya kwanza Marekani kuundwa na kuendeshwa na watu weusi wenyewe. Hapo ndipo alipokulia mwandishi Zora Neale Hurston, na kila Januari hufanyika tamasha la kumkumbuka. Maelfu ya Wakenya hupita karibu na mji huo wakikimbilia foleni, wala hawajui.

Kwa wapendao mwendo mrefu, kuna barabara inayoruka bahari kwa madaraja 42 hadi kisiwa cha Key West. Nyumba aliyoishi Ernest Hemingway katika miaka ya 1930 iko wazi kwa wageni, pamoja na paka wake wenye vidole sita. Hemingway alitoka katika nyumba hiyo akaja kuwinda Afrika Mashariki mwishoni mwa 1933, akaugua tumbo la kuhara damu lililosababishwa na amiba, na ikabidi asafirishwe kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Maji machafu hayamjui mtu mashuhuri.

Upande wa mashariki ni Cape Canaveral, ambako Apollo 11 iliondoka Julai 16, 1969 kwenda mwezini. Jumba la wageni hulipiwa, na si rahisi, lakini roketi ikirushwa waweza kuitazama bure ukiwa ufuoni Titusville. Waambie watoto kwamba Desemba 12, 1970, satelaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu ya uhuru.

Maonyo ya daktari

Nisingekuwa nimetimiza wajibu wangu kama ningesifu maji na nyika bila kutaja hatari zake. Nyika ya Florida haina lango la kukulinda.

Kwanza, joto. Toka asubuhi, pumzika kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa, kunywa maji kabla ya kiu. Anayemeza dawa za kuongeza mkojo amwone daktari wake kabla ya safari ili kipimo kiangaliwe, wala asijipunguzie mwenyewe. Mtu aliyepigwa na joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: mpoze kwa maji na upige simu 911. Kamwe usimwache mtoto wala mzee ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika tano.

Pili, radi. Alasiri za Juni hadi Septemba ni za ngurumo karibu kila siku, na Florida huongoza Marekani kwa vifo vya radi. Ukisikia ngurumo, toka majini, ingia nyumbani au ndani ya gari, ukae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Tatu, bahari. Tazama bendera za ufuoni. Nyekundu mbili maana yake ni marufuku kuingia. Ukinaswa na mkondo unaokuvuta kwenda kilindini, usipigane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Mwenye kidonda kibichi, na hasa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini, asiingie katika maji ya bahari yenye joto, wala asile chaza wabichi, kwa sababu kuna bakteria humo wanaoweza kumuua kwa siku chache.

Nne, maziwa na vidimbwi. Katika maji yenye joto yasiyo na chumvi huweza kuishi amiba anayepanda kupitia puani hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini ukimpata mtu ni vigumu apone. Usipige mbizi katika ziwa lenye maji ya uvuguvugu. Aligeta naye usimkaribie, usimlishe (ni kosa kisheria), wala usiogelee jioni au usiku penye maji wasiyoruhusu.

Tano, homa. Hili nalisisitiza. Malaria ya kutoka kwetu yaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuondoka. Daktari wa Florida huona malaria mara chache mno, na huenda akadhani una mafua. Ukipata homa, mwambie waziwazi: natoka Kenya, nipimeni malaria. Florida yenyewe si salama kabisa. Mwaka 2023 watu saba katika kaunti ya Sarasota waliambukizwa malaria pale pale bila kusafiri nje, na homa ya dengi huonekana upande wa Miami. Kwa hivyo dawa ya kufukuza mbu iwe mfukoni jioni.

Sita, bima. Hospitali za Marekani zinalazimika kisheria kukuhudumia katika dharura hata kama huna pesa, lakini hati ya malipo itakufuata, nayo yaweza kuwa maelfu ya dola kwa usiku mmoja. Nimeona familia zikiitisha harambee kulipa deni la mzee aliyelazwa siku tatu. Kata bima kabla ya kupanda ndege, na soma kama inagharimia ugonjwa ulio nao tayari, kwani bima nyingi za bei ya chini hazigharimii presha wala kisukari.

Saba, dawa zenyewe. Zibebe mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Insulini usiitie kwenye mzigo wa chini ya ndege, wala usiiache garini. Florida iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wao wa joto na saa nane wakati wa baridi, kwa hivyo panga upya saa za dawa ukiwa bado nyumbani. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua takriban saa 15, na bado kuna nyingine ya saa tatu. Inuka, tembea, nyoosha miguu, ili damu isigande.

Nani aliulizwa?

Najua utakaloniambia: watoto wamelilia bustani mwaka mzima, na walio Marekani wanataka kuwaonyesha wazazi wao kilicho kikubwa kabisa. Nia ni njema. Lakini mara nyingi, msomaji, mzee aliyelipiwa tikiti hakuulizwa hata siku moja angependa kuona nini. Amekuja kuwaona wajukuu. Ukimketisha nao kando ya chemchemi, awasimulie nguva wa hadithi za pwani huku nguva wa kweli wakipita mbele yao, umempa alichokijia. Ukimsimamisha foleni kwa saa mbili katika jua la Agosti, hata kama umelipa dola 150, hukumpa kitu.

Basi kabla ya kununua tikiti za bustani, mpigie simu mzee huyo umwulize. Kisha mlete kwa daktari wiki sita kabla ya safari, akiwa na dawa zake zote ndani ya mfuko, tuzitazame pamoja. Safari njema.